Maji Yasiyo na Dawa

Watu wa Ndosho, mtaa wetu wa Goma, wanasema nilizaliwa na pilipili mdomoni. Sikatai. Mimi ni mshonaji, cherehani yangu iko barazani, na kutoka hapo ninamwona kila anayepita na ninamjibu kila anayenichokoza. Lakini hasira ninayotaka kuisimulia hapa si ile ya kugombana na mteja aliyenenepa halafu akadai nguo ilishonwa vibaya. Hii ni hasira ya kumpoteza mama mdogo wangu, mdogo wa mama yangu mzazi, kisha kukuta waliomponza wanamwambia kila mtu kwamba muuaji ni yeye.

Mama mdogo alikuwa mlinzi wa robine. Kwetu robine ni kibanda cha maji: mabomba machache yanayotoka ukutani, sakafu ya saruji, na mtu mmoja mwenye ufunguo. Goma tumejenga juu ya mawe ya volkano, na mtu akitaka kuchimba kisima atavunja jembe bure. Ziwa tunaliona pale chini, ila kutoka Ndosho kwenda na kurudi na bidoni, yaani dumu la maji, mgongoni ni kazi ya kumzeesha mtu. Ndiyo maana maji yanapandishwa na mashine za kampuni ya watu binafsi, yanajaa kwenye tanki lao huko juu, halafu yanashuka kwenye mabomba mpaka kwetu, nasi tunayanunua kwa bidoni. Kampuni hiyo ndiyo iliyompa mama mdogo ufunguo na koti la bluu lenye alama yake mgongoni.

Alilipenda lile koti kupita kiasi. Tulikuwa tunamtania kwamba siku ya hukumu atasimama mbele za Mungu amelivaa. Na alikuwa mkali kwa usafi kuliko mtawa. Ukifika na bidoni yenye utelezi ndani, hakupi maji. Anaokota vijiwe vyeusi vya volkano, anavitia ndani ya bidoni na maji kidogo, anakurudishia uitikise mpaka mikono ikuume, huku wenzako wakikucheka. Wanawake walimnung'unikia, lakini bidoni za mtaa wetu zilikuwa zinang'aa. Nawaomba mlikumbuke hilo mtakaposikia walichokuja kusema juu yake.

Sasa, maji ya robine yalikuwa na dawa ya kuua vijidudu. Kila mtu alijua, kwa sababu yalinuka. Chai ilinuka dawa, ugali ulinuka dawa, hata nguo zilizofuliwa asubuhi zilinuka dawa jioni. Tuliilaani ile harufu. Baadaye, baada ya vita kuingia mjini na benki kufungwa na barabara kuwa za kubahatisha, siku moja harufu ikapotea. Nasema kwa uchungu kwamba tulifurahi. Wanawake walisimama kwenye foleni wakisifu chai yao, na mmoja akasema hatimaye kampuni imetuhurumia.

Mama mdogo hakufurahi. Alikuja barazani kwangu, akakaa kwenye kibao cha wateja, akaniambia amekwenda biro, yaani ofisi, ya kampuni kuuliza. Mkubwa wa robine zote, bwana mmoja mpole wa sauti na wa shati lililopigwa pasi vizuri, alimwambia dawa imekwama njiani na itafika. Akamwambia pia asiwaambie wateja, wasije wakakimbilia maji ya watu wengine.

"Na weye ulimujibu nini?" nikamwuliza.

"Nilimujibu ndiyo, chefu. Nitajibu nini? Niko na batoto."

Kuanzia siku hiyo kila aliyejaza bidoni alisikia neno moja kutoka kwake: chemsheni. Chemsheni maji. Hakusema kwa nini. Watu walimwona anajifanya daktari. Kuchemsha maji ya kunywa ya nyumba nzima kunataka makala, yaani makaa, na makala Goma si kitu cha kuchezea. Mwenye kikapu kimoja anakitunza kwa ajili ya maharagwe. Wengi walicheka, wakaenda zao, wakanywa. Kampuni iliendelea kuuza, mashine zikanguruma, na hakuna aliyefungiwa bomba hata siku moja.

Kolera, yaani kipindupindu, ilianzia mtaa wa Katoyi, ikatufikia. Wa kwanza kufa katika mtaa wetu alikuwa mtoto wa mama mmoja anayeuza kabichi za Kibumba kando ya barabara, jirani wa siku zote, mwanamke ninayemshonea mimi vitenge. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Sitaeleza zaidi. Aliyewahi kuona mtoto akikauka mbele ya macho yake anajua, na ambaye hajaona namwombea asione.

Halafu ikamfikia mama mdogo. Asubuhi alifungua robine kama kawaida, na adhuhuri binti yake akaja kunikimbilia. Nilimkuta amelala chini, macho yameingia ndani, na hana nguvu ya kushika kikombe. Tulimpandisha pikipiki, mimi nyuma nimemshika asianguke, dereva akipiga honi njia nzima. Kwenye mahema ya wagonjwa wauguzi walimtafuta mshipa kwenye mkono huu, wakamtafuta kwenye mkono ule. Alikufa kabla jua halijatua. Ninalia kila ninapofika hapa, na sasa pia ninalia, basi tuendelee.

Wafu wa kolera familia haiwaoshi. Walikuja watu wenye mabuti na miwani, wamebeba mapipa mgongoni, wakampulizia dawa mwili mzima, wakapulizia na godoro, na mlango, na sisi miguuni. Harufu ilikuwa ileile. Dawa iliyokosekana kwenye maji yake ya kunywa ilipatikana ya kutosha kwa maiti yake.

Kilio tulikifanya nyumbani kwake, viti vya plastiki uani, ndoo ya kunawia mlangoni. Baba mdogo, mume wake, ni fundi wa chukudu, yale mabaiskeli yetu ya mbao yanayobeba mizigo ya Goma yote. Ni mtu wa maneno machache. Nadhani katika maisha yake ameongea na mbao kuliko na binadamu. Kampuni ilikuja siku ya pili. Gari lilisimama, wakashuka mabwana kadhaa, yule mkubwa wa robine akiwa mbele, wakashusha mifuko ya mchele, sukari, na tanki jeusi la plastiki lililojaa maji. Mmoja wao alikuwa ameinua simu anatupiga picha.

Mimi nilitaka kuwafukuza. Mama yangu alinishika kitenge kwa nguvu. Kwetu mtu aliyekuja kwenye kilio hafukuzwi, hata awe adui yako. Anakaribishwa, anapewa kiti, anaonyeshwa waliofiwa. Nilikaa, nikameza.

Ikafika saa ya kueleza ugonjwa. Kila kilio cha kwetu kina saa hiyo. Mtu wa familia anasimama, anasimulia ugonjwa ulivyoanza na kifo kilivyokuja, ili midomo ya mtaani isitunge habari yake. Baba mdogo alisimama. Alieleza kwa kifupi, akikwama kila mara, na mwisho akasema yale maneno yanayosemwa na kila mfiwa.

"Mungu alitoa, Mungu alitwaa. Siye hatuna neno na mutu."

Kwa msomaji asiyetoka kwetu, nieleze maneno hayo ni ya nini. Goma mtu akifa ghafla, watu wanawaza karuho, sumu ya kutiliwa na jirani au mke mwenza. Familia inaposema haina neno na mtu, inawaambia majirani: hatumshuku yeyote kuwa amemroga wala kumtilia sumu maiti wetu, laleni kwa amani. Ni mlango unaofungwa ili watu wasichomeane nyumba. Hakuna mtu mzima wa Ndosho asiyelijua hilo, na yule bwana wa shati la pasi alizaliwa hapahapa, anaongea kama sisi. Alitikisa kichwa kwa huzuni, akamshika baba mdogo mkono kwa mikono miwili, na simu ikachukua yote.

Wiki haikuisha, maneno yakaanza. Muuguzi wa kituo chetu cha afya, msichana mwenye bidii, alikuja robine, ambayo sasa ilifunguliwa na kijana wa kampuni, na kichupa chake cha kupimia. Maji yakiwa na dawa, unatia kidonge na yanageuka rangi ya waridi. Ya robine yetu yalibaki meupe. Akarudia, yakabaki meupe. Wanawake waliokuwa kwenye foleni waliona kwa macho yao, na kufikia jioni Ndosho yote ilikuwa inaongea. Chefu wa avenyu, mwenyekiti wa mtaa wetu, akaitisha mkutano, na kampuni ikaalikwa kujieleza.

Nimehudhuria mikutano mingi ya mtaa, ya takataka, ya wezi, ya mipaka ya viwanja. Sijawahi kuona mwongo aliyetulia kama yule. Alisimama, akatoa pole kwa kila aliyefiwa, akamtaja mama wa kabichi kwa heshima. Kisha akasema maji ya kampuni yanatoka kwao yakiwa mazuri. Shida ilikuwa kwa robine. Yule mama aliyekuwa analinda, Mungu amulaze pema, alikuwa amekwisha kupata ugonjwa na hakusema, akashika bomba na bidoni za watu kwa mikono yake michafu. Ndivyo ulivyoenea.

"Hata familia yake banajua," akasema. "Njo maana papa alisimama mbele ya batu bote, akasema habana neno na mutu. Muangalie."

Akainua simu. Baba mdogo akajiona kwenye kioo kidogo, akasikia sauti yake mwenyewe, na watu waliokuwa mbele wakaisikia pia. Niligeuka kumtazama. Alikuwa ameketi na mikono katikati ya magoti, anatazama chini kama mtoto aliyechapwa bila kosa.

Nilisimama, nikamgeukia yule bwana. "Papa, ile neno ni ya karuho, na weye unajua. Haiko ya kusamehe maji yako."

"Mama, tuliza roho. Tuko mu musiba sote."

"Basi tuende kwa robine sasa hivi, siye bote. Muuguzi iko hapa. Apime."

"Robine ni mali ya kampuni," akajibu, bado kwa upole. "Hakuna mutu atapima bila ruhusa ya biro."

"Na kolera ni mali ya nani?"

Watu wengine walicheka, wengine waliguna. Chefu wa avenyu aliniambia nikae. Nikamtazama muuguzi anisaidie, akakwepesha macho. Baada ya mkutano alinifuata nyuma ya ukuta wa kanisa, akaniambia wakubwa wake wamemkataza kurudi robine. Gari la ofisi yao ya afya linatembea kwa mafuta yanayotolewa na kampuni ileile, na wakati wa kolera gari bila mafuta ni kifo kingine. Sikuwa na nguvu ya kumgombeza. Nilikwenda mwenyewe ofisini kwao kesho yake, nikasubiri kwenye benchi mpaka nikaitwa. Bwana wa pale alinisikiliza vizuri, kisha akaniambia kampuni ni mshirika wao mzuri na tusivunje ushirikiano katika kipindi kigumu.

Hapo ndipo hasira yangu ilipopata umbo lake. Siku ya kutuuzia maji, wao ni kampuni, na asiye na cha kulipa anarudi na bidoni tupu hata kama ana mgonjwa ndani. Siku ya kupimwa, wao ni mali binafsi, usiguse. Siku ya lawama, wao ni washirika wa serikali. Siku ya mazishi, wao ni ndugu zetu katika msiba, wameleta mchele. Na serikali, ambayo ndiyo ingesimama katikati na kusema onyesheni maji yenu watu wayaone, inaomba mafuta ya gari. Mnyonge hana haki, wazee walisema. Mimi ninakataa kulizoea neno hilo.

Ila kampuni iliendelea kula na kulala. Aliyelipa ni binti wa mama mdogo, ambaye kwa hesabu zetu za ukoo ni mdogo wangu wa kuzaliwa kabisa. Alikuwa anakaanga mandazi mlangoni pao na kuyauza asubuhi kwa wanafunzi na madereva wa pikipiki. Baada ya mkutano beseni lilirudi ndani limejaa. Akinamama waliwavuta watoto wao upande wa pili wa njia. Wale waliotikisa vijiwe kwenye bidoni mpaka mikono ikawauma, walioona kile kichupa kikibaki cheupe, walianza kusema kwamba sasa wanakumbuka kuona kucha zake zikiwa chafu. Mama wa kabichi alipita mbele ya binti yule bila salamu, na kwetu kumnyima mfiwa salamu ni kumzika pamoja na maiti wake.

Baba mdogo alijaribu kuyarudisha maneno yake. Siku ya kuondoa kilio alisimama tena, akasema mke wake alikuwa msafi na maji ndiyo hayakuwa na dawa. Lakini waliokuja walikuwa sisi wa nyumbani na majirani wachache, na mzee mmoja wa ukoo akamkemea kwamba neno la kilio haligeuzwi. Maji yakimwagika hayazoleki. Alirudi kwenye chukudu zake, na tangu siku hiyo amepunguza hata yale maneno machache aliyokuwa nayo.

Kisha asubuhi moja chai ikanuka dawa. Nilikuwa na kikombe mkononi, nikakiweka chini, nikatoka nje. Majirani walikuwa milangoni mwao wananusa vikombe vyao. Dawa ilikuwa imerudi, kimya, bila tangazo, bila mtu yeyote kusema ilikuwa imekwenda wapi. Kama maji yalikuwa mazuri siku zote, mbona leo yananuka? Niliuliza swali hilo kwa sauti katikati ya njia, na majirani wakarudi ndani na vikombe vyao.

Haikupita muda mrefu, yule bwana akaja kwa binti wa mama mdogo. Alimletea ufunguo wa robine na koti jipya la bluu. Alisema kampuni haisahau watu wake, na kwamba yaliyopita yamepita, kazi ni kazi, mdomo upumzike. Binti akapokea vyote viwili na kumshukuru.

Niliposikia nilikwenda kwao bila hata kuvaa viatu vizuri. Nilimwambia maneno mabaya. Nilimwambia amevaa koti la waliomchafua mama yake, kwamba afadhali tule majani. Alikuwa anaosha beseni la mandazi; aliniita yaya, yaani dada mkubwa, bila kuinua kichwa.

"Yaya, unamaliza?"

"Simalizi."

"Basi kesho asubuhi ukuye kwa robine na bidoni yako. Utamalizia kule."

Nilikwenda, kwa hasira tu, nikasimama kwenye foleni. Wanawake walikuwa wengi kwa sababu hakuna robine nyingine karibu. Ukimchukia mlinzi bado utafika kwake na bidoni yako. Hawakuwa wanamsemesha. Binti alifungua bomba, akajaza bidoni ya kwanza, akaifunga kifuniko, na kabla hajaiachilia akamtazama mwenye nayo usoni.

"Maji ya hapa haikukuwa na dawa. Biro ilimukataza mama kusema. Mama yangu hakuuaka mutu."

Akachukua bidoni ya pili, akasema hayohayo. Na ya tatu. Hakupaza sauti, hakulia, alisema kama mtu anayetaja bei. Wengine waliitikia kwa kuguna, wengine walikimbia na maji yao. Nilipofika mimi nilisema ninajua, mdogo wangu, akanijibu hapana, utasikiliza kama wengine, akaniambia yote. Alisema siku ile, akasema siku iliyofuata, na kila siku, kwa kila bidoni, kwa mtoto na kwa mtu mzima.

Habari haikukosa kufika biro. Yule bwana alikuja mwenyewe, akasimama kando ya foleni akasikiliza bidoni mbili tatu. Kisha akasogea, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa imepoteza upole.

"Fungula hiyo mudomo wako tena, na utaniachia funguo."

Binti alikuwa ameshika bomba, na nyumbani hapakuwa na kingine cha kutegemea isipokuwa ufunguo ule. Mbele yake alikuwa amesimama mama wa kabichi. Maji yake yalikuwa yamekwisha kujaa na kifuniko kimefungwa; angeweza kubeba na kwenda. Hakubeba. Alimtazama yule bwana kuanzia viatu mpaka kola, kisha akamgeukia binti wa mama mdogo.

"Rudilia, mwanangu," akasema. "Rudilia na huyu asikie."